Mavuno Kwanza, Moto Baadaye: Tanzania Assemblies of God, kutoka Igale hadi Kizota

Anayetoka mjini Dodoma kwa barabara ya Singida huipita Kizota kabla hajahisi kwamba ameanza safari. Hii ni kata ya maghala. Hapa ndipo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula anapotunza nafaka za kanda ya kati, hapa pana machinjio, na hapa pana ukumbi ambamo Chama Cha Mapinduzi kilifanya mkutano wake mkuu mwaka 2012. Katikati ya maghala, karakana na nyumba za wapangaji yamesimama makanisa: moja la tofali lililokwisha kupakwa rangi, jingine la mabati kuanzia ukuta hadi paa, la tatu bado liko chini ya turubai na viti vya plastiki.

Maandishi haya yameandaliwa kwa ajili ya washirika wa Tanzania Assemblies of God, TAG, wanaoabudu katika kata hii na jirani zake, wakati wakijiandaa kuingia mwaka mwingine wa ile miaka kumi ambayo kanisa letu limeiita Moto wa Uamsho. Kila Desemba tunatangaza kwamba mwaka unaokuja ni wa kuhuishwa. Kijana wa shule ya Jumapili akiuliza, "Kwani kilichokufa ni nini?", wakubwa hucheka na kumwambia anyamaze. Swali lake ni la haki, na majibu yake yamo katika historia kuliko katika mahubiri.

Neno lilikuwapo kabla yetu

Uamsho haukuja Ugogo na Wapentekoste. Wamisionari wa Church Missionary Society, CMS, waliweka kituo Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye, Septemba 1929, Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki ule, na kutokana na hospitali ya Gahini huko Rwanda alikofanya kazi Church, ulienea ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliotupa neno "walokole" na desturi ya kuungama dhambi hadharani. Kufikia mwaka 1939 Uamsho huo ulikuwa umekwisha kuingia Tanganyika kupitia Katoke, mkoani Kagera.

Walokole wale wa kwanza walikaa ndani ya makanisa yao. Waliendelea kuwa Waanglikana na Walutheri, wakisali kwa kitabu kile kile, huku wakikutana pembeni kuimba na kutubu. Hata katika miaka ya 1970, Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, alipozunguka nchi akiwaombea wagonjwa na kuwafungua waliofungwa na pepo, alifanya hivyo akiwa Mwanglikana. Alifariki mwaka 1975, na habari za maisha yake zikaandikwa na Joseph Namata na kuchapwa papa hapa Dodoma na Central Tanganyika Press.

Ninayataja haya kwa sababu vijitabu vya maadhimisho hupenda kuanza kana kwamba giza lilikuwa totoro mpaka sisi tulipowasili. Kanisa kuu la Anglikana lililoko katikati ya mji wetu linaitwa Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, na jina hilo halikusubiri spika zetu.

1939: Igale

Mizizi yetu inatoka upande mwingine. Mwaka 1906 William Seymour, mhubiri mweusi aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, alianza kuongoza ibada katika jengo kuukuu la Mtaa wa Azusa, Los Angeles. Kabla ya hapo jengo lile lilikuwa limetumika kama zizi na stoo. Mkazi wa Kizota hana haja ya kufafanuliwa ibada ndani ya ghala inavyokuwa. Kutoka hapo na mahali pengine kadhaa ulienea ujumbe wa ubatizo wa Roho na kunena kwa lugha, na mwaka 1914, huko Hot Springs, Arkansas, baadhi ya walioupokea wakaunda Assemblies of God.

Tanganyika ilifikiwa na Wapentekoste kwa njia zaidi ya moja. Wamisionari kutoka Sweden waliingia mwaka 1932, na kazi yao ndiyo leo inayoitwa Free Pentecostal Church of Tanzania, FPCT. Wafini nao walikuja katika muongo huo huo. Kazi iliyokuja kuwa TAG ilianzia Igale, nje ya mji wa Mbeya, katika kituo cha wamisionari Wamarekani wa vuguvugu la utakatifu, ambao baadaye kazi yao iliingizwa chini ya Assemblies of God. Kanisa linahesabu miaka yake tangu 1939, mwaka ule ule ambao Uamsho wa walokole ulikuwa ukibisha hodi Katoke. Pande mbili za nchi, mwaka mmoja, na wahusika hawakuwa na habari za wenzao.

Haja iliyowaleta ilikuwa moja tu, kuhubiri. Hawakuja na hospitali kubwa wala sekondari za kupewa majina ya watakatifu, kama walivyofanya waliotangulia. Hilo lilikuwa udhaifu kwa muda mrefu. Serikali ilipohesabu nani amejenga nini, Wapentekoste hawakuwa na cha kuonyesha. Lakini lilitupa wepesi. Mwinjilisti wa Kipentekoste alihitaji Biblia, baiskeli, na mwenyeji wa kumpa mkeka.

Miaka ya baiskeli na bati la kutafutwa

Baada ya Uhuru uongozi ulipita mikononi mwa Watanzania, na kwa miaka mingi jina lililosikika zaidi lilikuwa la Askofu Emmanuel Lazaro. Chini yake kanisa lilitoka kuwa kazi ya wamisionari likawa kanisa la wenyeji lenye majimbo, maaskofu wa majimbo na mkutano mkuu unaochagua viongozi kwa kura. Vyuo vya Biblia vilikuwa uti wa mgongo wa kazi hiyo. Mbeya palikuwa na chuo, na Dodoma tulikuja kupata chetu, Central Bible College, ambacho wengi wetu tunakiita CBC tu. Wachungaji wengi wa kanda hii wamepitia madarasa yale.

Vijijini hali ilikuwa ngumu kwa namna mbili. Vijiji vya Ujamaa, ambavyo Dodoma vilianza mapema kuliko mikoa mingi, viliwakusanya watu mahali pamoja, na kwa mhubiri hiyo ilikuwa heri. Lakini kiwanja cha kanisa kilitolewa na serikali ya kijiji, na kijiji ambacho tayari kilikuwa na kanisa la Anglikana au parokia ya Katoliki hakikuona sababu ya kumpa kiwanja mgeni anayepiga makofi. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake miaka ya uhaba. Waliojenga wakati ule wanajua: sementi kwa kibali, bati kwa kibali, misumari kwa kujuana. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, hata mwenye bati zake halali za kanisa aliona afadhali azifunike kwa majani. Makanisa mengi ya wakati huo yaliezekwa kwa awamu, upande wa madhabahu kwanza, na waumini wa nyuma wakanyeshewa kwa zaidi ya msimu mmoja.

Hata hivyo hiyo ndiyo miaka mikutano ya injili ya uwanjani ilipovuma, na hakuna aliyevuma kuliko Mchungaji Moses Kulola.

1991

Mwaka huo Kulola na waliomfuata walijitenga na TAG, wakaanzisha Evangelistic Assemblies of God Tanzania, EAGT. Familia ziligawanyika, na kuna majengo yaliyobadilishwa kibao mlangoni. Maandishi haya si mahali pa kuamua kesi hiyo. Itoshe kusema kwamba EAGT imekuwa moja ya madhehebu makubwa ya Kipentekoste nchini, kwamba Askofu Kulola alifariki tarehe 29 Agosti 2013 na kuzikwa Mwanza, na kwamba leo Kizota mshirika wa TAG na wa EAGT hupanda daladala moja, huimba kwaya moja msibani, na mara nyingi ni mtu na dada yake.

Kwa upande wa TAG, baada ya Askofu Lazaro uongozi ulikwenda kwa Askofu Ranwell Mwenisongole, aliyelishika kanisa katika miaka ya kujikusanya upya. Mwaka 2008 mkutano mkuu ulimchagua Dk. Barnabas Mtokambali kuwa Askofu Mkuu.

Dodoma: kupanda juu ya kiwanja cha mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu historia ya kanisa lolote Dodoma ni historia ya ardhi.

Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe wa mji uliochorwa na kampuni ya Kanada. Mji ulichorwa kabla watu hawajafika: hapa makazi, hapa viwanda, hapa bustani, hapa nyumba za ibada. Kizota, kwa kuwa iko njiani na ina nafasi, ikawa upande wa maghala na viwanda.

Lakini watu hawakungoja ramani. Waliofanya kazi katika maghala na machinjio walihitaji pa kulala, wakapanga, wakanunua kwa wenyeji, wakajenga. Kanisa likawafuata. Mpango wenyewe wa kuanzisha kanisa la mtaa haujabadilika hadi leo. Kwanza ni maombi sebuleni kwa mtu, jioni, watu saba au nane. Sebule ikijaa wanahamia uani, chini ya mwarobaini. Kisha linanunuliwa turubai, na hapo ndipo kundi linapoanza kuitwa kanisa. Turubai halina maisha marefu Dodoma. Pepo za Julai na Agosti huling'oa pamoja na vigingi na kumwaga vumbi juu ya kinanda. Ndipo yanakuja mabati, na baada ya mabati, Mungu akijalia, tofali.

Shida ilikuwa kati ya turubai na tofali. Ardhi yote ya mji ilikuwa chini ya CDA, na aliyepata kiwanja alipata hati ya miaka 33. Kanisa lenye washirika wapagazi, mama lishe na walinzi lilitakiwa kulipia kiwanja cha mjini, kuchora ramani inayokubalika na kuanza ujenzi ndani ya muda. Mengi yalishindwa. Yakanunua vipande kwa wenyeji kwa karatasi ya mjumbe, yakajenga, na yakaishi kwa hofu ya kuona alama ya X ya kubomolewa ikipakwa ukutani. Wazee wa kanisa wa kipindi hicho walikuwa nusu wazee wa kiroho na nusu wafuatiliaji wa mafaili. Anayetaka kujua kwa nini makanisa yetu mengi Kizota yamejengwa kwa kubanana na uzio wa jirani, jibu ni hilo.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli. Tarehe 15 Mei 2017 aliivunja CDA, shughuli zake zikaenda Manispaa, na hati zikaongezwa hadi miaka 99. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Watumishi wa wizara waliwasili kutoka Dar es Salaam na barua za utambulisho kutoka kwa wachungaji wao, wakitafuta ibada karibu na walipopanga. Kuna makanisa ya mtaa yaliyojikuta ghafla yana wahasibu, wanasheria na wahandisi katika kamati ya ujenzi. Kwa mara ya kwanza mahesabu yalikaguliwa na mtu anayekagua mahesabu kwa kazi.

Kila zuri lina gharama yake. Ibada ya saa nne asubuhi iliyokuwa ikiisha saa nane sasa inatakiwa iishe saa sita, kwa sababu mgeni kutoka wizarani ana kikao cha mtandao. Mama aliyekuwa akishuhudia kwa Kigogo hasimami tena, anaona haya. Nadhani hilo la pili ni hasara kubwa kuliko la kwanza.

2009 hadi 2018: Mavuno

Chini ya Askofu Mtokambali kanisa lilijiwekea mpango mkakati wa miaka kumi ya mavuno. Kila kanisa mama lilitakiwa kuzaa kanisa jingine, kila jimbo liweke lengo, kila mchungaji aandike taarifa. Kwa watu waliozoea kusema "Roho akituongoza", kujaza fomu za malengo lilikuwa jambo geni. Baadhi walinung'unika. Lakini ukitazama ramani ya Kizota, Nkuhungu na mitaa inayoelekea Nala, makanisa ya TAG yaliyopo leo ambayo hayakuwapo kabla ya 2009 yanajibu manung'uniko hayo.

Katikati ya kipindi hicho, Julai 2014, kanisa liliadhimisha miaka 75 katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, jirani na Igale lilikoanzia, na Rais Jakaya Kikwete akawa mgeni rasmi. Kanisa lililoanza bila hospitali wala sekondari lilikuwa sasa linaalikwa mezani.

2019 hadi 2028: Moto

Kisha likafuata jambo ambalo mtu wa nje angeliona limegeuzwa. Kwa kawaida wahubiri husema uamsho huleta mavuno. TAG ilivuna kwanza miaka kumi, halafu ikatangaza miaka kumi ya Moto wa Uamsho.

Sidhani kwamba mpangilio huo ulikosewa. Mtu wa Kizota anajua kwamba kazi ya ghala inaanza pale gari la mwisho la mavuno linaposhusha. Nafaka iliyoingizwa mbichi huvunda. Iliyoachwa bila kukaguliwa huliwa na fukusi, na kwa nje gunia huonekana limejaa vile vile. Miaka ya mavuno ilitupa makanisa mengi yanayoongozwa na wachungaji wapya, yenye waumini wapya, katika majengo ambayo hayajaisha. Orodha za washirika zilijaa majina ya watu waliokuja mara mbili wakahama. Kuhuishwa, kwa maana hiyo, hakuhitaji kwanza kitu kife. Kunahitaji mtu afungue gunia.

Huo ndio mtazamo wangu, na wapo miongoni mwetu wanaouona kuwa wa kikaratasi mno. Wao wanasema moto hauwekwi kwenye mpango mkakati. Pengine. Lakini hata Azusa kulikuwa na mtu wa kufagia lile zizi.

Mwaka na tukio

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1906 | Ibada za Mtaa wa Azusa, Los Angeles |
| 1914 | Assemblies of God yaundwa Hot Springs, Marekani |
| 1939 | Mwaka ambao TAG inahesabu kuwa mwanzo wake. Kazi ya Igale, Mbeya |
| 1973 | Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. CDA yaundwa |
| 1991 | EAGT yaanzishwa |
| 2008 | Dk. Barnabas Mtokambali achaguliwa Askofu Mkuu |
| 2009–2018 | Miaka kumi ya mavuno |
| 2014 | Jubilei ya miaka 75, Uwanja wa Sokoine, Mbeya |
| 2017 | CDA yavunjwa |
| 2018 | Dodoma yawa jiji |
| 2019–2028 | Miaka kumi ya Moto wa Uamsho |

Wanaobeba

Jedwali halionyeshi wanaobeba. Wanawake Watumishi wa Kristo, WWK, ndio waliolipia mabati mengi ya kata hii, kwa sadaka zao na kwa biashara za mandazi na vitenge, na ndio wanaofika kwanza penye msiba. Vijana wa Christ's Ambassadors, CA's, ndio kwaya, ndio spika na nyaya, na ndio wanaolala kanisani kulinda vyombo. Wanaume katika umoja wao, CMF, ni wachache kuliko inavyopasa, na hilo husemwa katika kila taarifa ya mwaka bila kubadilika. Walimu wa shule ya Jumapili hawana bajeti. Mchungaji kiongozi hutegemea fungu la kumi la watu ambao kipato chao hutegemea siku. Juu yake yupo mwangalizi wa sehemu, kisha askofu wa jimbo.

Maandalizi ya mwaka ujao

Maandalizi huanza Oktoba na Novemba, kabla ya mvua. Orodha ya washirika inapitiwa jina kwa jina, na waliopotea wanafuatwa majumbani. Taarifa za idara na za mweka hazina zinasomwa mbele ya wote. Kisha Desemba 31 unakuja mkesha, na baada yake Januari, mfungo.

Mfungo wa Januari una maana yake Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza karibu na Desemba na kuisha Aprili. Januari hadi Machi uwele na mtama ungali shambani, na ghala la nyumbani limebaki na vumbi. Wazee wa Kigogo walioijua njaa hawakuhitaji tangazo la kufunga katika miezi hiyo. Kwa hiyo tunapoita siku ishirini na moja za kufunga, tukumbuke kwamba kuna nyumba Kizota ambako ule mlo mmoja wa jioni tunaouita mfungo ndio mlo wao wa kila siku. Kamati ya huduma za jamii imeombwa kwamba, kabla mfungo haujatangazwa, orodha ya kaya hizo iwe tayari, na kile ambacho washirika hawali mchana kipimwe kwa debe na kupelekwa huko.

Kuhusu mkesha, kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015 zipo, na jirani mwenye mtoto mchanga yupo. Spika za nje zizimwe usiku ukiwa mkubwa. Wasio na usafiri watalala kanisani hadi alfajiri, na WWK watakuwa na chai.